Wa 13 halafu mnamsifia? Mwaka wa kwanza wa Oliver Bearman pale Haas

Grupu letu la WhatsApp ni la mpira, tuelewane hapo kwanza, ila kuna watatu wanne tumeambukizwa ugonjwa wa Formula 1 na kila wikiendi lazima tuwaharibie wenzetu stori. Sasa msimu wa 2025 ulipoisha mmoja akatupia jedwali la madereva akaandika "Bearman, dogo noma sana", hapohapo mwingine akajibu: "Kamaliza wa 13. Pointi 41. Antonelli naye mgeni mwenzake ana 150. Noma iko wapi hapo?" Ubishi ukawaka mpaka saa sita usiku, watu wa mpira wakaanza kutoka kwenye grupu mmoja mmoja.

Nikaona swali lenyewe si la kijinga hata kidogo, maana mtu aliyezoea ligi anajua jedwali halidanganyi, ukiwa wa 13 we ni wa 13. Kwenye Formula 1 jedwali la madereva linadanganya sana, hasa kwa mtu anayeanza kwenye timu ndogo, na nitajaribu kueleza kwa nini, taratibu, bila misamiati ya mafundi.

Tuanze na mgeni ni nani. 2025 kulikuwa na timu 10, kila timu magari mawili, jumla madereva 20, mbio 24 kuanzia Machi mpaka Desemba. Dereva anayeingia msimu wake kamili wa kwanza wenyewe wanamwita ruki, mi nitasema mgeni tu. Na mgeni sio mtu aliyetoka kupewa leseni juzi pale trafiki. Bearman ni Mwingereza, kazaliwa Mei 2005, na mwaka 2021 alibeba ubingwa wa Formula 4 ya Italia na ya Ujerumani, zote mbili ndani ya mwaka mmoja. Akapanda Formula 3, akapanda Formula 2, ndo akafika juu. Kuna watu wanasema hawa madogo wa timu ndogo wananunua viti, baba ana hela basi mtoto anaendesha. Hela inasaidia, tena sana, huu mchezo unaanzia kwenye magari madogo ya karti ukiwa na miaka saba nane na unakula pesa kuliko harusi. Lakini mlangoni kuna leseni maalum, kwa kawaida lazima uwe na miaka 18 na uwe umekusanya pointi 40 kwa matokeo ya ligi za chini, kwa hiyo hela inaweza kukuleta mpaka getini, ukishafika hapo unaulizwa umeshinda nini.

Kitu kingine, huko Formula 2 magari yote yanafanana, bodi ileile, injini ileile, tairi zilezile. Aliyeshinda kashinda, maneno yanaishia hapo. Ukipanda Formula 1 kila timu inatengeneza gari lake, na hapo ndo vurugu zinapoanza.

Chukua madereva wawili wa malori wanapanda Kitonga. Mmoja ana Scania mpya, tupu, haina hata gunia. Mwingine ana Fuso la zamani limejaa vitunguu mpaka juu. Wa Scania akifika juu wa kwanza utasema ndo dereva bora? Huwezi, na ukisema utachekwa na matanboi. Ila ukikuta Fuso mbili, umri mmoja, mzigo mmoja, na moja imefika juu robo saa kabla ya nyingine, hapo sasa una la kusema kuhusu madereva. Kwenye Formula 1 Fuso ya pili ni mwenzako wa timu. Ndo mtu peke yake kwenye dunia nzima mwenye gari kama lako, kwa hiyo ndo kipimo cha kwanza, na ndo maana watu wa huu mchezo wanasema adui yako wa kwanza ni yule mnayevaa naye jezi moja.

Ushahidi upo na ni mtamu. 2019 George Russell alianza Williams, timu iliyokuwa mbovu ya mwisho kabisa mwaka ule. Akamaliza msimu na pointi 0. Sifuri! Mwenzake Robert Kubica akapata pointi 1, kule Ujerumani, Kubica wa 10 na Russell nyuma yake wa 11, tena hiyo nafasi ilikuja baada ya magari mawili ya Alfa Romeo kupigwa adhabu mbio zimeshaisha. Ukiangalia jedwali, Kubica kamshinda Russell. Lakini Jumamosi, kwenye kufuzu, ile ya kila mtu kutafuta mzunguko wake wa kasi kupanga nani aanzie wapi, Russell alikuwa mbele ya Kubica mara 21 kati ya 21. Halafu mwaka 2020 Lewis Hamilton wa Mercedes, gari lililokuwa linatamba wakati ule, akaugua, Russell akaitwa kuziba nafasi yake kwa mbio moja tu kule Bahrain. Jamaa wa sifuri akafuzu wa pili, akaongoza mbio, na kama timu isingemfungia tairi za mwenzake kwa makosa halafu baadaye akapata pancha, nadhani angeshinda. Dereva yuleyule, wiki moja iliyopita alikuwa anapambana nyuma kabisa. Kilichobadilika ni gari.

Sasa rudi kwa wageni wetu wawili wa 2025. Kimi Antonelli, Mercedes, pointi 150, mwenzake (huyohuyo Russell) pointi 319. Bearman, Haas, pointi 41, mwenzake Esteban Ocon pointi 38. Umeona? Mwenye 150 kapata chini ya nusu ya mwenzake, mwenye 41 kampita mwenzake. Simaanishi Antonelli mbovu, alianza akiwa na miaka 18 na Russell ni jiwe, na Ocon sio Russell, hilo nakubali kabla hamjanirukia. Ila Ocon sio mtu wa mchezo, yupo tangu 2016, alishinda mbio Hungary mwaka 2021. Mgeni kumpita mtu wa aina hiyo ndani ya gari moja sio jambo la kulipita hivihivi.

Tukiwa hapo, pointi zenyewe zinagawanywaje? Wa kwanza 25, wa pili 18, wa tatu 15, halafu 12, 10, 8, 6, 4, 2, na wa kumi anapata 1. Wa 11 hapati kitu. Ni kama shule ambayo mwanafunzi wa 10 anapewa cheti na wa 11 anaandikwa hakufika. Na Bearman sijui alimkosea nani maana kuanzia Canada akamaliza wa 11, Austria wa 11, kwao Silverstone wa 11, Ubelgiji wa 11. Mbio nne mfululizo! Jedwali linaandika sifuri, sifuri, sifuri, sifuri, sawasawa na mtu aliyegonga ukuta mara nne. (Ubelgiji kulikuwa na ile mbio fupi ya Jumamosi ambayo nane wa juu wanapata pointi, akamaliza wa 7 akaokota 2, basi.)

Haya, timu ndogo ni nini? Haas ni timu ya Gene Haas, Mmarekani mwenye kiwanda cha mashine, imeanza mbio 2016. Makao makuu yapo Kannapolis, North Carolina, ila kazi kubwa ya mbio inafanyika Banbury, Uingereza, na bodi ya gari inatengenezwa Italia. Mpaka 2025 inaisha hawajawahi kupanda jukwaani hata mara moja, si wa kwanza si wa tatu, nafasi ya juu kabisa ilikuwa ya 4, Romain Grosjean, Austria 2018. Kwa idadi ya watu ndo timu ndogo kuliko zote pale.

Na hapa kuna uongo mmoja lazima tuufukie, eti "Haas ni Ferrari iliyopakwa rangi". Ni kweli wananunua kwa Ferrari injini, giaboksi na saspensheni, na Bearman mwenyewe kalelewa na chuo cha madereva cha Ferrari. Lakini sheria inakataza kununua vile vitu vinavyochezea upepo, yaani umbo la nje, mabawa, sakafu ya gari, hivyo kila timu ichore vyake. Na kasi ya haya magari inatoka huko zaidi, upepo ndo unaligandisha gari chini kwenye kona. Ukinunua unga na mafuta dukani kwa jirani anayeuza chapati tamu, chapati zako hazitakuwa zake. Unga mmoja, mkono tofauti.

Mtu atauliza, si waliweka ukomo wa matumizi ili wote wawe sawa? Waliweka, 2021, na msimu huo wa 2025 msingi wake ulikuwa dola milioni 135 kwa mwaka kabla ya marekebisho, na mishahara ya madereva haikuwemo humo. Imesaidia sana. Ila ukomo unamzuia tajiri kutumia zaidi mwaka huu, haufuti alichojenga miaka ishirini iliyopita. Mwenye handaki lake la upepo (chumba cha kupulizia gari upepo kupima umbo lake), simuleta yake (mashine ya dereva kufanyia mazoezi kwenye skrini), wahandisi waliokaa pamoja miaka kumi, ukomo haumnyang'anyi. Haas kwa miaka mingi walikuwa wanaenda kutumia simuleta ya Ferrari. Ni kama wewe na jirani mmeambiwa kila mtu atumie laki tano tu kwa mwezi, ila yeye ana nyumba na kisima, we umepanga na maji unanunua kwa ndoo.

Kuna sheria moja naipenda kwa sababu inaelekea kwa mnyonge, ile ya muda wa kupima kwenye handaki la upepo. Bingwa wa timu anapewa asilimia 70 ya kiwango kilichowekwa, wa pili 75, inapanda tano tano hivyohivyo mpaka wa 10 anapewa 115. Haas walimaliza wa 7 mwaka 2024 kwa hiyo walianza 2025 na 100 dhidi ya 70 za McLaren. Inafanya kazi, ila polepole, kama mbolea.

Kwa mgeni kuna shida ya ziada ambayo watu wa mpira hawaielewi kabisa: hakuna mazoezi. Mchezaji anafanya mazoezi kila siku, dereva wa Formula 1 haruhusiwi kulichukua gari la msimu huu akaenda kuzungukia uwanjani apendavyo. Kabla ya msimu wa 2025 kulikuwa na siku 3 tu za majaribio kule Bahrain, gari moja kwa timu, gawanya kwa madereva wawili, siku moja na nusu kila mtu. Gari la zamani unaweza kupewa, nalo mwaka huo wakaweka mpaka kwa madereva wa mbio, siku nne na kilomita 1,000. Basi. Mengine utajifunzia kwenye mbio, mbele ya kamera, na ukigonga kipuri kinatoka kwenye bajeti ileile ambayo ingetengeneza bawa jipya.

Sasa twende kwenye msimu wenyewe, maana ndo utamu.

Kumbuka kwanza 2024. Machi, Jeddah, Carlos Sainz wa Ferrari kaugua kidole tumbo, Ijumaa asubuhi Bearman mwenye miaka 18 anaambiwa vaa twende. Kapata kipindi kimoja tu cha mazoezi, kwenye uwanja wa kuta tupu, akafuzu wa 11, akamaliza wa 7, nyuma yake wamefuatana Lando Norris na Lewis Hamilton. Dunia ikalia na kushangilia. Baadaye mwaka huohuo Haas wakampa mbio mbili za kuziba pengo, Baku akamaliza wa 10.

Mwaka mmoja mbele, Melbourne, Machi 2025, mbio ya kwanza kama dereva kamili wa Haas. Agonga mazoezi ya kwanza. Atoka nje mazoezi ya tatu. Kwenye kufuzu giaboksi inamletea shida hana hata muda mmoja. Aanzia kwenye njia ya piti, ile inayopita mbele ya gereji za timu, nyuma ya wote, amaliza wa 14, na waliomaliza walikuwa 14. Kumbe kwenye Ferrari kwa mazoezi ya saa moja alikuwa wa 7! Sehemu ya tatizo ni yeye, asibebwe, zile ajali ni zake. Sehemu ni kwamba Haas waligundua palepale gari lao linarukaruka kwenye kona za kasi, kama bajaji kwenye matuta, na uwanja wa Melbourne unazo hizo kona za kutosha.

Timu ndogo ikagundua kosa, nini kilifuata ndo kilinifanya niwaheshimu. Wiki iliyofuata China, uwanja tofauti, Bearman wa 8 baada ya wengine mbele kufutwa. Kwenda Suzuka, Japani, wakawa wamebadilisha sakafu ya gari haraka haraka, akamaliza wa 10. Bahrain akaanza wa 20, yaani wa mwisho, akamaliza wa 10. Pointi moja tu, na kwangu mimi hiyo ni mojawapo ya mbio zake bora, ila nani aliiona, kamera zilikuwa mbele.

Halafu ujinga. Hapa simtetei. Monaco kwenye mazoezi akampita Sainz bendera nyekundu ya kusimamisha mazoezi ikiwa inapepea, adhabu nafasi 10. Silverstone, nyumbani kwao, Jumamosi asubuhi, bendera nyekundu tena, kila mtu anatakiwa kurudi taratibu, yeye anaingia njia ya piti kwa kasi na kujibamiza ukutani. Nafasi 10 nyingine na pointi 4 za adhabu kwenye leseni. Inauma kwa sababu alifuzu wa 8 siku hiyo! Akaanza wa 18, akamaliza, si nimeshawaambia, wa 11. Hizo pointi za leseni ni kinyume cha zile nyingine, hizi ukikusanya 12 ndani ya miezi 12 unafungiwa mbio moja. Baada ya mbio ya Monza, Italia, alikuwa nazo 10. Na kuna kichekesho hapa, ile mbio ya Baku 2024 Bearman aliipata kwa sababu Kevin Magnussen wa Haas alikuwa amefungiwa kwa kufikisha 12.

Wakati wa mapumziko ya Agosti hesabu ilikuwa hivi: mbio 14, Bearman pointi 8, Ocon 27. Yule jamaa wa grupu angeuliza swali lake mwezi ule ningenyamaza.

Baada ya mapumziko mbio 10, Bearman pointi 33. Zandvoort, Uholanzi, akaanzia njia ya piti akamaliza wa 6. Wa 9 Singapore, wa 9 Austin, ambako Haas walileta vipande vipya vya gari, na hapo ndo unaona mgeni aliyelizoea gari na timu iliyolielewa gari vimekutana wakati mmoja. Oktoba, Mexico City, kwetu huku mbio inaanza saa tano usiku, mke kalala, sauti nimeizima, Bearman yuko juu kule anagombania nafasi na bingwa mtetezi Max Verstappen bila hata kutetemeka. Norris kashinda, Leclerc wa pili, Verstappen wa tatu, Bearman wa 4, Piastri na McLaren yake wa 5. Wa nne! Nafasi ya juu kuliko zote katika historia ya Haas, sawa na ile ya Grosjean. Brazil akaja wa 6.

Kwa hiyo wale wa "gari ndo kila kitu, dereva hana maana" nao wakae. Gari linakuwekea dari na sakafu, lile la Haas siku nyingi lilikuwa la kati ya 8 na 16 hivi kwa macho yangu, dereva ndo anaamua kama utagusa dari au utalala sakafuni. Jedwali halikuonyeshi dari. Nikiangalia mgeni mi naangalia vitatu tu: mwenzake yuko wapi, aliporwa nini na vitu visivyomhusu na alijipora nini mwenyewe, na mwisho wa msimu anaendeshaje kulinganisha na mwanzo. Hicho cha tatu ndo wakubwa wanakitazama zaidi, maana kasi ipo au haipo, utulivu ndo unakuja.

Na si jambo jipya. 2001 kijana wa miaka 19 kutoka Oviedo, Hispania, aliingia na Minardi, timu ya Italia iliyokuwa inanunuliwa wiki chache kabla ya msimu, gari limeunganishwa mbiombio, injini ya kizamani. Mbio ya kwanza Melbourne akamaliza wa 12. Wakati ule pointi zilikuwa kwa sita wa juu tu, akamaliza mwaka na sifuri, nafasi yake nzuri kabisa wa 10 Ujerumani. Siku ileile ya Melbourne alianza naye Kimi Räikkönen kwenye Sauber, akamaliza wa 6, kila mtu akaandika kuhusu Räikkönen. Yule wa Minardi ni Fernando Alonso, bingwa wa dunia 2005 na 2006, na 2025 bado alikuwa anaendesha, kamaliza wa 10, nafasi tatu juu ya Bearman.

Sio kila sifuri ni Alonso, jamani. 2025 hiyohiyo Jack Doohan alipewa mbio 6 Alpine akatolewa, na Liam Lawson alipewa Red Bull mbio 2, mbili tu, akarudishwa timu yao ndogo, Racing Bulls, ambako kwa kweli alipumua na kumaliza na pointi 38. Ndo maana mi binafsi ningekuwa mgeni ningeomba Haas kabla ya Red Bull. Kwenye timu ndogo ukimaliza wa 11 mara nne bosi anajua maana yake.

Nilivyomaliza kuandika haya nikayatupia kwenye grupu. Kimya kama dakika kumi, nikajua yule jamaa wa "noma iko wapi" kaelewa. Akajibu: "Nimesoma yote kaka, asante. Ila bado ni wa 13."